Barua kwa mwanangu: Mke wa Mungu wa Amun

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama mabinti wa kifalme waliokuwa makuhani kule Thebes, Misri, walikuwa na mamlaka ya kweli au waliwekwa hekaluni kama pambo. Walikuwa nayo, mwanangu, na ushahidi ninaouamini kuliko sanamu zao ni hati za mali.

Anza na Ahmose-Nefertari, malkia wa Farao Ahmose, karne ya 16 KK. Alikuwa na cheo cha Mke wa Mungu wa Amun, yaani kuhani mwanamke wa Amun, mungu mkuu wa Thebes. Jiwe lililopatikana Karnak, hekalu la Amun kule Thebes, lina mapatano ya kumkabidhi wadhifa wa kuhani wa pili wa Amun, awarithishe warithi wake, na asije mtu baadaye akaudai. Ukiisoma utadhani ni hati ya wakfu. Ibada nayo aliyeshika cheo hiki aliifanya mwenyewe: kwenye kuta za jengo la mawe mekundu la Hatshepsut, hapo hapo Karnak, anaonekana akijitakasa ziwani pamoja na makuhani wanaume, akiingia nao hekaluni, kisha akichoma moto picha za maadui wa mungu.

Katika karne ya 8 na ya 7 KK cheo kilirithiwa kwa kuasili: aliyekishika alimchukua binti wa mfalme kuwa mwanawe. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Mwandishi wa kale akiandika "mama yake", mara nyingi ni mama wa kuasili. Nitocris alizaliwa na Mehytenweskhet, lakini mama yake katika cheo ni Shepenwepet wa Pili, binti wa Piye, mfalme wa Kushi, nchi iliyo kusini mwa Misri. Basi kila jina mtafutie baba mfalme kwanza, ndipo uchore ukoo.

Huyo Nitocris mwangalie kwa karibu. Mwaka 656 KK baba yake, Farao Psamtik wa Kwanza, alimpeleka Thebes kwa msafara wa mashua uliochukua siku 16. Thebes tayari alikuwapo mrithi wa Shepenwepet, Amenirdis wa Pili, binti wa Taharqa, naye mfalme wa Kushi. Psamtik alitamka wazi kwamba hatamng'oa mrithi kwenye kiti chake, bali binti yake atakabidhiwa kwa mrithi huyo. Busara kubwa hiyo: angetumia nguvu, angewaudhi watu wa Thebes aliokuwa akiwahitaji. Halafu yakaandikwa matunzo, jina kwa jina. Montuemhat, mkubwa wa mji, atoe kila siku mkate wa deben 200, yaani kama kilo 18, na divai hin 5, zaidi kidogo ya lita 2; kila mwezi ng'ombe 3 na bata bukini 5. Mashamba yalitoka majimbo 7 ya Misri ya Juu na 4 ya Misri ya Chini. Mali yote hiyo ilihitaji msimamizi mkuu. Makaburi ya wasimamizi hao, kama Harwa na Pabasa, bado yapo Asasif, eneo la makaburi huko Thebes, na ukubwa wake unakuonyesha walikuwa wakisimamia nini.

Wa mwisho ni Ankhnesneferibre, binti wa Psamtik wa Pili. Yeye aliongeza hata cheo cha Kuhani Mkuu wa Amun, kilichokuwa cha wanaume. Waajemi walipoiteka Misri mwaka 525 KK, cheo cha Mke wa Mungu kikakoma. Jeneza lake la jiwe liko makumbusho ya British Museum, London. Karne kadhaa baadaye mwanamume mmoja alilitwaa azikwe humo, akaongeza jina lake na kugeuza viambishi vya kike kuwa vya kiume. Jina la Ankhnesneferibre bado linasomeka.

Mzazi wako akupendaye.