Maswali ya Wasomaji: Kununua Chakula Ukiishi Kigamboni

Barua nyingi za safari hii zimetoka ng'ambo ya pantoni: Kibada, Mjimwema, Kisota, Gezaulole. Lalamiko linafanana. Magenge yana nyanya, vitunguu na mchicha, duka la Mangi lina sukari, unga na mafuta ya kupima, na ukitaka zaidi ya hapo inabidi uvuke kwenda mjini. Tumechagua barua tano.

SWALI: Habari za kazi. Tuko watu wazima watano nyumbani. Kila Jumamosi navuka kwenda Kariakoo kununua mahitaji yote ya wiki, maana huku kwetu bei iko juu na vitu vyenyewe vichache. Lakini nikijumlisha nauli, kubebesha mizigo na mboga zinazoniozea, sioni nafuu yoyote. Nifanyeje? (Mama wa Kibada)

JIBU: Dada, kinachokumaliza ni kununua vitu vyote mahali pamoja siku moja. Mchele hauozi, mchicha unanyauka kabla hujafika nyumbani, na wewe unavipandisha safari moja.

Vitu vikavu vinunue mara moja kwa mwezi, kwa jumla. Kwa watu watano, mchele gramu 600 kwa mlo unatosha. Mkiupika mara nne kwa wiki, mwezi unakwenda na kilo 10 hivi. Maharage nusu kilo kwa mlo, mara tatu kwa wiki, ni kilo 6. Unga wa ugali kilo moja kwa mlo, mara tano kwa wiki, ni kilo 20. Ongeza mafuta dumu la lita 5, sukari, chumvi na dagaa wakavu. Viazi, vitunguu, karoti, kabichi na nazi vinakaa, kwa hiyo vifuate kila wiki mbili. Majani, nyanya zilizoiva, hoho na bamia nunua kwenye genge la mtaani kwako bila kinyongo. Ndiyo, fungu la mchicha litakuwa ghali kidogo, ila hakuna fungu la mchicha linalolipa nauli.

Kabla ya kuvuka, piga hesabu hii: chukua gharama yote ya safari (kwenda, kurudi, mzigo), gawa kwa tofauti ya bei ya kilo moja kati ya sokoni na mtaani kwako. Tuseme safari ni shilingi 8,000 na mchele unatofautiana kwa shilingi 600 kwa kilo. Kilo 13 za mwanzo zinarudisha nauli tu, nafuu inaanza kilo ya 14. Ukinunua kilo 5, umetembea bure.

Soko nalo lichague kwa njia unayopita. Ukitumia pantoni unashukia Magogoni, mlangoni kwa soko la samaki la Feri, na Kariakoo haiko mbali. Ukipita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, unatokea Kurasini, na hapo Temeke Stereo na Tandika ni karibu zaidi kuliko Kariakoo. Stereo ni pazuri kwa viazi, vitunguu, karoti na matunda. Kwa nafaka za jumla watu wengi huenda Tandale, ila kwa mkazi wa Kibada ni safari ndefu, na kwa gunia moja hatukushauri. Nyumba tatu au nne zikichangia kirikuu moja kurudi na mzigo, gharama inashuka sana kuliko kila mmoja na bodaboda yake.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo nafuu inapopotelea. Sado ni ndoo ndogo ya rangi ya lita 4, na haina uzito maalumu: uzito hutegemea kilichomo na jinsi kilivyojazwa. Kitazame kitako kwa ndani kabla hujapimiwa. Kikiwa kimebonyezwa kwenda juu, unalipia hewa. Sado ya mchele uliojazwa hadi ukingoni inakaribia kilo tatu na robo, kwa hiyo ukirudi nyumbani ukakuta kilo mbili na nusu, ujue umeliwa. Kwenye mzani, hakikisha mshale uko sifuri kabla ya kuweka kitu na utafute stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu, hukatazwa kwa sababu mkulima analipwa gunia moja kwa mzigo unaozidi kilo 100. Wewe mnunuzi wa rejareja halikufaidishi kitu, maana muuzaji anakupimia kwa sado vilevile.

Kitu kimoja usikiwekee akiba ya mwezi ni dona. Linasagwa na kiini cha mahindi, kiini kina mafuta, na kwa joto la pwani mafuta hayo huanza kuchacha: unga unanuka na ugali unakuwa na uchungu. Nunua la wiki mbili. Sembe, iliyokobolewa, inavumilia zaidi. Mchele na maharage viweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Kama una friza, yaweke humo maharage kwa siku nne kwanza, mayai ya wadudu yafe, kisha yaache yarudi kwenye joto la kawaida ndani ya mfuko uliofungwa kabla ya kuyahamishia kwenye ndoo. Ukiyafungua yakiwa baridi yanatoa jasho, na kesho yake yana ukungu.

SWALI: Tunaishi karibu na bahari lakini samaki wa kueleweka hatuwapati. Siku nyingine wapo tele, siku nyingine hakuna kabisa. Na nikinunua Feri, nikifika nyumbani wameshalegea. (Baba Mjimwema)

JIBU: Kuadimika kwao kuna ratiba, na ukiijua utapanga. Vibua na dagaa wengi huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, ndiyo maana siku za mbalamwezi huwa haba na bei inapanda. Siku za giza wanarudi. Pweza anafuata maji: wakati wa bamvua, miamba inapokauka, ndipo anapatikana kwa wingi, na wakati wa maji mafu anaadimika. Kusi likivuma, vyombo vidogo haviendi mbali. Kwa hiyo siku za giza nunua vibua na uwagandishe, siku za bamvua tafuta pweza, na mwezi mpevu kula maharage.

Feri nenda asubuhi. Mnadani samaki wanauzwa kwa mafungu makubwa, hivyo nendeni wawili watatu mgawane, au nunua kwa wachuuzi walioshinda mnada na ulipe kidogo zaidi. Fungua mashavu: yawe mekundu yenye ute mwepesi, yasiwe ya kahawia. Jicho liwe limejaa, si lililozama. Bonyeza mgongoni: nyama irudi juu, isibaki shimo. Samaki anuke bahari. Muuzaji akimwagia maji kila dakika, usiangalie mng'ao wa ngozi, angalia mashavu.

Kulegea kunatokana na njia. Foleni ya pantoni mchana, samaki yumo kwenye mfuko mweusi, anaiva humo kabla ya kufika jikoni. Nenda na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, itoboe tundu moja dogo pembeni karibu na kitako. Mwambie mparuzi atoe matumbo na mashavu palepale. Nunua barafu, ipondwe, halafu panga tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu. Kwa joto letu kipimo ni kilo kwa kilo: samaki kilo 4, barafu kilo 4. Tundu ni la kutoa maji, maana samaki akielea kwenye maji ya barafu iliyochanganyika na damu anaharibika haraka. Weka chombo chini ya ndoo, abiria wenzako wasilalamike.

Hapa tusisitize jambo moja. Jodari, vibua, nguru na dagaa wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Histamini haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na samaki anaweza asinuke vibaya. Anayemla huanza kuwashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Watu husema wana aleji ya samaki, kumbe samaki alilala juani. Akikosa pumzi au midomo ikivimba, hospitali mara moja. Samaki wa jamii hiyo asipokuwa kwenye barafu, mwache hata akiwa bei ya kutupa. Changu au tasi hatari hiyo kwao ni ndogo zaidi.

SWALI: Sina friji. Nimeona wanafundisha friji ya mitungi miwili yenye mchanga mbichi katikati. Itanifaa huku? (Mpangaji, Kisota)

JIBU: Itakupa nafuu ndogo sana. Ubaridi wa mtungi unatokana na maji kukauka, na hewa ya pwani imeshashiba unyevu, hivyo maji yanakauka polepole. Dodoma wakati wa kiangazi unafanya kazi vizuri; Kisota utapata mchanga wenye ukungu. Afadhali uokoe hela ya mitungi.

Badala yake, nyanya nunua za rangi tatu: zinazoanza kubadilika, nusu, na zilizoiva, uzipange kikonyo kikiwa chini, zisipandane. Zitaiva kwa zamu. (Hata wenye friji, nyanya ambayo haijaiva wasiiweke humo, baridi inaizuia kuiva na kuinyima ladha.) Vitunguu chagua vyenye shingo kavu, vining'inize kwenye neti penye upepo. Viazi viweke gizani, mbali na vitunguu: vikikaa pamoja, unyevu wa viazi unaozesha vitunguu, na viazi vyenyewe vinachipua mapema. Kiazi kilichogeuka kijani usikipe mtoto, kina sumu. Mayai usiyaoshe mpaka siku ya kuyapika. Mchicha usioshe pia. Ufunge kwa kitambaa chenye unyevu, ukae hadi jioni. Zaidi ya hapo usiudai.

SWALI: Nimestaafu, nina kiwanja Gezaulole na kisima, lakini maji yana chumvi kidogo na ardhi ni mchanga mtupu. Nikipanda mboga zinakauka ncha za majani. Nikate tamaa? (Bibi wa wajukuu)

JIBU: Shikamoo bibi. Usikate tamaa, badilisha mboga. Karoti, vitunguu na maharage havivumilii chumvi hata kidogo. Spinachi ndiyo inayovumilia kuliko nyingi, ikifuatiwa na kunde kwa ajili ya majani, na mchicha. Matembele yanahitaji maji matamu zaidi, yapande mahali utakapoyamwagilia kwa ndoo ya maji ya mvua.

Mchanga una faida moja: chumvi inapita. Kumwagilia kidogo kidogo kila saa ndiko kunakoikusanya juu. Mwagilia mara moja asubuhi, maji mengi, yashuke chini ya mizizi. Mwaga kwenye shina, sio kwenye majani. Tone la maji ya chumvi likikaukia kwenye jani linaliunguza, na hizo ndizo ncha unazoziona. Changanya ndoo moja ya samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, funika udongo kwa majani makavu au makuti. Samadi mbichi usiweke, nayo ina chumvi yake na inaunguza. Mchicha utauvuna baada ya wiki tatu hadi nne. Panda tuta jipya kila wiki, tuta dogo, ili usiwe na mchicha wa kugawa mtaa mzima leo na kesho huna.

Mvua za masika zikianza, kinga maji ya bati kwenye simtanki. Hayo ndiyo ya matembele na miche michanga.

SWALI: Mtaa wetu mpya hauna genge kabisa. Nina mtaji mdogo, nataka kuanza. Niweke nini? (Kijana, Kibada)

JIBU: Anza na vitu vinne ambavyo kila nyumba inatumia kila siku: nyanya, vitunguu, viazi na nazi. Majani chukua kwa mkulima wa jirani asubuhi, kiasi cha kuisha jioni. Parachichi, karoti na matunda yafuate ukishajua wateja wako.

Bei ipange baada ya kutoa zitakazooza. Mfano, nyanya kilo 40 kwa shilingi 40,000 zinaonekana ni 1,000 kwa kilo. Zikioza kilo 6, kilo 34 ndizo zinabeba hela yote, na kila moja imekugharimu karibu 1,180. Hapo bado usafiri. Magenge mengi hufa kwa kuuza 1,200 na kujiona yana faida. Tenga likifika, limwage lote siku hiyohiyo na uchambue, maana nyanya moja iliyopasuka katikati huozesha majirani zake. Zilizobonyea ziuze jioni kwa bei ya chini kwa wapika chipsi na mama lishe, usingoje kesho.

Meza iwe kivulini lakini upepo upite. Turubai la plastiki jeusi linapika mboga. Funika majani kwa kiroba kilicholoweshwa. Mafungu yapange kwa ukubwa unaofanana, kubwa na ndogo zisichanganywe ili kuficha, watoto wanaotumwa dukani wana macho. Daftari la mkopo weka, lakini kila mteja awe na kikomo, na asiyemaliza la wiki iliyopita asiandikiwe la wiki hii.

Kuhusu siku za kwenda sokoni: mara mbili kwa wiki kwanza, tuseme Jumatatu na Alhamisi, ili Ijumaa na wikiendi, siku za pilau na wageni, uwe na mzigo mpya wa vitunguu, nyanya na ndimu. Ndimu usizisahau. Mtaa wa wala samaki genge lisilo na ndimu wateja hulipita.