Maswali ya Wasomaji: Foleni ya tiba na saa ya mahakama

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mama Mkongomani, naishi Texas. Niliumia mgongo kazini nikazoea vidonge vya maumivu, wanangu wawili wakachukuliwa. Mahakama inataka nipate tiba. Medicaid yangu (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) imekatwa, kituo cha tiba kimeniweka foleni, na afisa wa idara ya ulinzi wa watoto ameandika kwamba sishirikiani naye. Jirani yangu Mzungu anaandikiwa buprenofini, dawa ya kutibu uraibu, na daktari wake; mimi naambiwa niende kliniki kila asubuhi kunywa methadoni, dawa nyingine ya uraibu huohuo. Ni rangi yangu?

JIBU: Marahaba, mama. Nia ya afisa mmoja hatuwezi kuipima kwa mbali, ila mkondo wenyewe unajulikana. Utafiti wa kaunti ya Pinellas, Florida, uliochapishwa mwaka 1990, ulikuta dalili za pombe au dawa za kulevya kwa asilimia 15.4 ya wajawazito Wazungu na 14.1 ya Weusi. Hata hivyo Weusi waliripotiwa kwa mamlaka karibu mara 10 zaidi. Kwenye tiba ni hivyohivyo: buprenofini imewafikia zaidi Wazungu wenye bima au fedha taslimu, Weusi wakielekezwa methadoni.

Medicaid ilikatwa kwa sababu Texas haijaipanua kufikia watu wazima wote wenye kipato kidogo. Huko mzazi kama wewe huipata kwa kulea mtoto. Mtoto akiondolewa, sifa inaondoka naye, wakati huohuo jaji anaamuru tiba. Mwombe wakili wako aitake mahakama iamuru idara igharamie. Kama huna uwezo na idara inaomba uangalizi wa watoto au kukuvua haki za uzazi, wakili ni haki yako bila malipo.

Fanya haraka. Texas kesi inapaswa kuanza kusikilizwa kabla ya Jumatatu ya kwanza baada ya mwaka kutimia tangu idara ipewe uangalizi wa muda. Jaji anaweza kuongeza hadi siku 180 kwa sababu nzito, na juhudi zako za kweli zina uzito hapo. Kwa hiyo kila ukipigia kituo andika tarehe, saa, jina la aliyepokea na alichojibu. Omba barua inayosema uliomba nafasi lini na foleni ina muda gani. Mpe wakili nakala kabla ya kikao, kwa kuwa “hashirikiani” likishaingia kwenye faili, maofisa wanaofuata hulinakili tu. Sheria ya shirikisho ya 1997 nayo inairuhusu idara isifungue ombi la kukuvua haki, hata watoto wakifikisha miezi 15 kati ya 22 wakilelewa nje ya nyumba yako, endapo yenyewe haikutoa huduma zilizohitajika.

Tangu Desemba 2022 daktari hahitaji tena kibali maalumu kuandika buprenofini; muulize hata wa zahanati ya jamii. Ukibaki kwenye methadoni, kanuni za shirikisho za 2024 zinaruhusu dozi za nyumbani hadi siku 7 katika wiki mbili za mwanzo, 14 kuanzia siku ya 15, na 28 kuanzia siku ya 31, daktari akiridhika. Huenda kliniki isikwambie usipouliza.

Mkalimani ni bure kwa sheria ya haki za raia ya 1964. Taja kwamba unataka Kiswahili cha Kongo, na usikubali mtoto akutafsirie tathmini.

SWALI: Afisa anasema methadoni ni kulewa kwa njia nyingine. Niache ili nirudishiwe mtoto?

JIBU: Usiache. Kukatiza ghafla huleta arosto, wengi hurudia, na mwili uliopoteza uzoefu hufa kwa dozi ileile ya zamani. Sheria ya walemavu ya 1990 inamlinda anayetumia dawa aliyoandikiwa. Daktari aandike tarehe uliyoanza, dozi na matokeo ya vipimo. Barua iende kwa wakili. Lalamiko la haki za raia kwa wizara ya afya ya shirikisho hupokelewa ndani ya siku 180 tangu tukio.