Magharibi saa 10:22: winta yetu hapa Ottawa

Dada zangu mlofika Kanada mwaka huu na hii ndo winta yenu ya kwanza, haya naandika kwa ajili yenu, maana mie ya kwanza niliilia. Sio baridi peke yake jamani, baridi unavaa koti na mabuti na soksi mbili unatoka. Ni kiza. Kwetu Unguja Magharibi mwaka mzima inacheza pale pale kwenye saa 12 na kitu, sa huku mwezi wa 12 jua linazama saa 10 na dakika 22, watoto ndo kwanza wanashuka kwenye basi la skuli na nje taa zinawashwa.

Miaka miwili ya mwanzo nyumba yetu ilikua kimya, watoto kwenye tableti, baba yao anajitayarisha kwenda zamu ya usiku, mie jikoni napika nimeshashusha mapazia na roho imenisinyaa.

Kilichonibadilisha ni deni. Nilikua na siku za Ramadhani za kulipa, za mwaka niliojifungua, nazisogeza mbele tu. Siku moja nikatazama ratiba ya sala kwenye simu: Alfajiri kiasi cha saa 12 asubuhi, Magharibi saa 10:22. Yaani funga ni masaa 10 na ushei! Mwezi wa 6 hapa hapa ni zaidi ya masaa 17. Darsani tulikua tunaambiwa funga ya kipupwe ni ngawira isiyo na jasho, na mie Unguja sikuwahi kuielewa maana kule siku zote zinalingana. Nikanuia kesho yake.

Watoto wakaingia, wanavua mabuti mlangoni, glavu zimeganda theluji nikazipanga juu ya hita zikaanza kunuka sufi mbichi, mie nimekaa nasubiri adhana ya simu. Binti yangu, wa miaka 6, akaja na tende kaishika kwa vidole viwili, kanikazia macho mdomoni mpaka adhana ikalia. Kesho yake namkuta kashapanga tende kwenye kisahani, moja ya kila mtu, na ya baba yake kaichagua kubwa.

Basi toka hapo winta yote Jumatatu na Alkhamisi tunafuturu pamoja kabla baba hajatoka kwenda kazini kwake, na hata nisipofunga saa ile ile tunakaa mkekani. Uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi (ule uliogandishwa wa maduka ya Wahindi unafaa sana, usiuyeyushe, utie hivo hivo kwenye maji yanayochemka), tambi.

Ushauri wangu mwengine: tafuta khofu za ngozi, zile soksi za ngozi zinazofunika mpaka vifundo vya miguu. Ukizivaa ukiwa na udhu uliokosha miguu, unapangusa juu yake mchana na usiku mmoja, hukoshi miguu kwenye sinki la kazini huku unatetemeka. Na mchana toka nje hata robo saa, jua likiwepo usilikose, ila jua la winta huku halina nguvu ya kuipa ngozi vitamini D, kwa hiyo muulize daktari kuhusu vidonge, wewe na watoto. Na huzuni ikikukalia wiki mbili tatu huli hulali, mwambie daktari na hiyo, usiseme ni imani ndogo. Mie nilinyamaza nikaumia bure.

Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, zote kwenye siku fupi hizi. Binti yangu nimeshamwambia. Anahesabu kwa vidole atakua na miaka mingapi, na jana kaniuliza kama atafunga zote mbili au ya pili itakua ya mwaka unaofuata, nikamwambia tutamuuliza bibi Unguja Jumamosi asubuhi, kule kwao ikiwa jioni.