Vijana wa ekstruda, kabla hamjaandika kwamba mbadala wa florini umefanya kazi

Vijana wangu mlioingia kiwandani mwaka huu, nakupendeni na ndo maana nakwambieni, nimeshachoka kuliona jambo hili. Kila wakija wapya ni jaribio lile lile, kosa lile lile, halafu ripoti inapanda kwa bosi kwamba tumeshapata mbadala wa PPA yenye florini, ile dawa ya kuisaidia plastiki iteleze kwenye ekstruda, mashine inayoiyeyusha na kuitoa nailoni. Hamjapata kitu yakhe. Someni basi, na msisome juu juu.

1. Safisheni dai kwanza, yaani kile chuma cha mdomo wa mashine nailoni inapotokea. Floropolima, ndo hiyo PPA ya florini, haichanganyiki na polyethilini, plastiki ya nailoni zetu, inajitoa pembeni inajipaka kwenye chuma cha dai, utando mwembamba tu, na juu ya utando huo ndo ujiuji wa plastiki iliyoyeyuka unateleza na nailoni inatoka laini. Sasa wewe asubuhi unatoa masterbachi ya zamani (zile punje zilizobeba dawa), unatia ya siloksani au ya PEG, mbadala zisizo na florini, kwenye hopa ya kulishia mashine, adhuhuri unaiona nailoni inang'aa unapiga picha. Uliyoipiga picha ni kazi ya utando wa jana. Chuma cha chapati kilichokwisha kula mafuta hakishiki chapati hata ukiacha kutia mafuta, na dai ni hivyo hivyo, lakini mwisho wake utafika.

Na ukifika ndo balaa. Tulikuwa na oda ya nailoni za ndani ya magunia ya viungo, mteja anataka barua kwamba hamna PFAS, ile jamii ya kemikali za florini zisizooza. Shifti ya asubuhi ikabadilisha dawa, jioni nailoni safi, watu wakafurahi, barua ikaandikwa siku ile ile. Siku ya pili presha ya ujiuji ikaanza kupanda kidogo kidogo, hakuna aliyeiandika maana nailoni kwa macho ilikuwa nzuri tu. Usiku ngozi ya papa, yaani ule ukwaruzo wa nailoni, ikaanza upande mmoja wa puto la nailoni linalotoka kwenye dai, mstari mwembamba, hauonekani vizuri mpaka uielekeze nailoni kwenye taa, lakini ukipitisha kucha unausikia unakwaruza. Alfajiri ishazunguka puto zima. Kijana wa zamu, mtoto mwema, mchapakazi kuliko wote waliokuwepo, akaogopa kusimamisha mashine kwa sababu mzigo unangojewa bandarini, akafanya alichowaona wakubwa zake wakifanya siku zote nailoni ikikwaruza: akachota masterbachi ya zamani kwa kopo akaitia kwenye hopa. Nailoni ikanyooka. Mzigo ukaondoka na barua yake, ukapimwa huko ulikokwenda, florini ikaonekana, ukarudi wote. Aliyefukuzwa ni yule kijana. Walioandika barua wakati dai halijasafishwa wapo mpaka leo, na mimi kila nikikumbuka moyo unawaka, maana hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamwelezea kwa nini lile kopo ni haramu kwa oda ile.

Kwa hiyo mimi nakukalisheni chini. Pitisheni kwanza dawa ya kusafishia yenye chembe za kusugua, au masterbachi nzito ya talki, kisha endesheni resini tupu, yaani punje za plastiki, bila ya PPA yoyote mpaka ngozi ya papa irudi wenyewe mkiiona. Ndiyo, irudisheni kwa makusudi. Ikisharudi ndo mtie mbadala, na presha iandikwe tangu hapo. Nailoni ikilainika, na ikabaki laini shifti baada ya shifti, basi hapo mna la kumwambia bosi.

2. Someni karatasi ya resini. Greidi nyingi za LLDPE, aina ya polyethilini, zinakuja na PPA ndani yake tangu kwa mtengenezaji, umeitoa kwenye hopa kumbe imo ndani ya punje. Na chenga za nailoni za kurudishia mashineni je, za lini zile? Na kile kikopo cha kupulizia cha PTFE, nayo floropolima, kilichopo karakana mshakiangalia?

3. Msiniambie "ni kidogo tu". Ulaya kuanzia tarehe 12 Agosti 2026 vifungashio vya chakula haviruhusiwi kuzidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) za PFAS kwa jumla, floropolima zikiwemo. Sisi tulizoea kutia mia kadhaa. Ukitia 500 ppm, florini peke yake inapita 300, pigeni hesabu wenyewe. PFOA, mojawapo ya PFAS, ipo kwenye Mkataba wa Stockholm wa kemikali sumu zisizooza tangu 2019, na mwishoni mwa 2023 IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, wakaiweka kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani. 3M wenyewe, kampuni ya Marekani inayotengeneza kemikali hizi, walitangaza Disemba 2022 kwamba wanaacha kutengeneza PFAS ifikapo mwisho wa 2025.

4. Dai halichomwi kwa mtungi wa gesi! Wallahi hili nikimkuta mtu analifanya tutagombana. Floropolima ikipigwa moto mkali inatoa hidrojeni floridi na moshi mwingine unaoingia mapafuni. Jioni mtu anatetemeka, homa, kifua kinabana, anasema ana malaria. Na msivute sigara na vumbi la floropolima mikononi, linachomeka pamoja na tumbaku mnalivuta lote. Tumieni kijiti cha shaba na dawa ya kusafishia, na subira.

5. Mbadala zinataka dozi kubwa kuliko ya zamani, mara kadhaa. Siloksani ikizidi inasumbua uchapishaji na kazi ya kuziba mdomo wa mfuko, kwa hiyo pimeni pale panapozibwa kila rola. Kabla ya dawa yoyote jaribuni kuongeza joto la dai, kupanua mwanya wake, au kuchanganya LDPE kidogo, polyethilini ya aina nyengine, mara nyengine shida inaondoka bila kununua kitu.

6. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, jaribio limekufa, anzeni tena. Wa Pemba mnaelewa.

7. Madonge ya plastiki yanayotoka mnaposafisha dai. Nimeona yanatupwa kwenye kiroba kimoja na taka za jikoni, yakifika jaani yanachomwa. Moto hafifu wa jaani hauimalizi floropolima, unaikatakata vipande vidogo, na jamii hii ya kemikali haiozi. Chini yetu hapa Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, mvua ya masika inapita moja kwa moja mpaka kwenye maji ya visima tunayoyanywa sote, hatuna mto mkubwa wala ziwa la kukimbilia. Kwa hiyo madonge ya dawa ya zamani yana pipa lake jekundu nyuma ya stoo, uzito unaandikwa kwenye daftari la zamu, na pipa halitoki getini bila ya saini yangu. Kama sipo, lisubiri.