Je, kisukari kinatosha kupata mafao ya ulemavu Marekani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 47, niko Columbus, Ohio, na nimepanga maboksi ghalani kwa miaka 8. Nina kisukari, usiku nyayo zinawaka moto, mchana zina ganzi. Ndugu mmoja anayejazia watu fomu anasema kisukari kimo kwenye orodha ya magonjwa ya Social Security, idara ya serikali inayotoa mafao haya, nilete tu barua ya daktari kwamba mimi ni mlemavu, pamoja na dola 500. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Kwa mtu mzima, kisukari hakisimami peke yake kwenye orodha hiyo tangu mwaka 2011. Kinachopimwa ni madhara yake: figo zilizoshindwa hadi damu isafishwe kwa mashine, macho, mguu uliokatwa, au, kama kwako, mishipa ya fahamu. Na hapo kipimo ni kikali. Njia ya kwanza inadai kuinuka kitini, au kusimama na kutembea bila kuyumba, kuwe kumekushinda karibu kabisa, na hali hiyo idumu au itarajiwe kudumu angalau miezi 12.

Usipofika hapo, ombi halijafa. Wataangalia kama bado unaweza kazi ulizofanya ndani ya miaka 5 iliyopita, kisha kama kuna kazi nyingine yoyote unayoiweza, hata ya kukaa. Hapa ndipo wenye umri wako wanapokwama, kwa sababu aliye chini ya miaka 50 kwa kawaida huhesabiwa kwamba anaweza kuhamia kazi ya kukaa. Kuthibitisha kwamba maboksi yamekushinda hakutoshi. Faili lionyeshe pia kwa nini huwezi kukaa mezani kwa saa 8 kwa siku. Na anayekwambia kutojua Kiingereza kutakubeba anakupoteza: kigezo hicho kilifutwa Aprili 2020.

Sasa hiyo barua. Watu wanaihangaikia miezi mizima! Kwa maombi yaliyoanza 27 Machi 2017 na kuendelea, maneno ya daktari kwamba "mgonjwa huyu ni mlemavu" au "hawezi kazi" hayana uzito, kwa kuwa uamuzi huo ni wa Social Security wenyewe. Mwombe daktari aandike alichokipima: majibu ya kipimo cha umeme wa neva, sehemu za nyayo ambazo hazihisi kitu anapozigusa kwa uzi wa nailoni, unasimama dakika ngapi kwa mkupuo, unabeba pauni ngapi, mara ngapi kwa siku ni lazima unyanyue miguu.

Fomu ya shughuli za kila siku nayo ijaze hivyo hivyo. "Siwezi chochote" itakuangusha, maana kwenye ukurasa unaofuata utaandika kwamba unapika. Andika: "Napika nimekaa kwenye stuli, nikisimama dakika 10 nyayo zinawaka, nakaa dakika 20 ndipo naendelea." Iwe kweli, na ilingane na unayomwambia daktari kila unapokwenda kliniki. Wakikupangia uchunguzi kwa daktari wao, nenda. Wanalipa wao, na kukosa bila sababu ya msingi kunaweza kuliangusha ombi. Kama bado unafanya kazi, kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa (mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi) kwa kawaida kinalifunga ombi kabla ugonjwa haujaangaliwa.

Hawa vishoka wa fomu wanaumiza watu wetu kila siku. Kuomba ni bure, na Social Security wanatoa mkalimani bila malipo. Mwakilishi haruhusiwi kuchukua ada kabla Social Security hawajaiidhinisha; kwa mkataba wa kawaida ni asilimia 25 ya malimbikizo, yaani mafao ya nyuma unayolipwa ukishinda, isizidi kikomo kilichowekwa (mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200), na ukishindwa hana ada. Kibaya zaidi, ombi likikataliwa kishoka hukujazia jipya ili alipwe tena, nawe unaweza kupoteza tarehe ya ombi lako la kwanza na malimbikizo yake. Ukikataliwa kata rufaa ndani ya siku 60 tangu upokee barua, na bahasha iliyoileta uihifadhi.