Maswali na Majibu: Kuzisoma Kuta za Viunga vya Jiji

Barua za safari hii zinahusu pembezoni mwa jiji, kule ambako vitabu vya mwongozo huishia na kuta ndefu zisizo na madirisha huanzia. Tumefupisha maswali yaliyokuwa marefu, na yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja.

Ndugu mhariri, nataka kutenga siku moja nikitembelee kitongoji nisichokijua, nitazame majengo na michoro ya ukutani. Nianzie wapi, na nitembee umbali gani? (Mtembezi mpya)

Kama kitongoji kina kituo cha treni au tramu, anzia hapo. Viunga vilivyokua zama za reli vilitanuka kutoka kituoni kwenda nje, kwa hiyo mara nyingi nyumba kongwe ziko karibu na kituo na maghorofa ya baadaye yako mbali nacho. Usifuate barabara kuu inayoambatana na reli. Ikate, uelekee nje moja kwa moja, na katika kilomita moja tu utapita vizazi viwili au vitatu vya ujenzi.

Panga kilomita 4 hadi 6, si zaidi. Anayetazama kwa makini hutumia karibu nusu saa kwa kilomita moja. Usiku wa kuamkia safari fungua ramani ya OpenStreetMap, ambako watu huweka alama za michoro ya ukutani, kisha tazama picha za satelaiti. Mapaa marefu membamba yaliyopangwa sambamba ni maghorofa ya makazi, na kwenye ncha zake ndiko utakakokuta kuta tupu.

Saa ya kutoka ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Milango ya chuma ya maduka, ile ya kukunjwa juu, hupakwa rangi na huonekana duka likiwa limefungwa tu. Ukifika saa nne za asubuhi siku ya kazi, nusu ya michoro imeshakunjwa ndani ya sanduku lake, na magari yaliyoegeshwa yameficha sehemu ya chini ya iliyobaki. Siku ya mapumziko, mapema, ndiyo inayofaa. Chukua darubini ndogo ya kukuza mara 8, maana saini za wasanii na tarehe za ujenzi hukaa juu.

Nitajuaje jengo ni la miaka gani bila kuwa na hati zake? Kila mtu huniambia "ni la zamani" tu. (Mwanafunzi wa ujenzi)

Tazama matofali kwanza. Ukiona katika mstari mmoja tofali limelala kwa urefu, linalofuata limeonyesha kichwa, kisha urefu tena, huo kwa kawaida ni ukuta mzito wenye unene wa tofali zima, takriban milimita 215 kwa tofali la kawaida la Uingereza. Vichwa vile vinapita ndani kuunganisha pande mbili. Ukiona urefu mtupu, hakuna kichwa hata kimoja, basi huenda ni ukuta wa ngozi mbili zenye uwazi katikati, au ngozi moja inayofunika fremu ya zege. Uingereza ukuta wenye uwazi ulienea baina ya vita kuu mbili. Usilichukue hili kama ushahidi wa mwisho: wapo wajenzi waliokata matofali nusu ili kuiga mpangilio wa kale.

Kisha kioo. Simama pembeni, tazama kivuli cha nguzo au cha tawi kinavyoakisiwa kwenye dirisha. Kikivunjikavunjika na kuyumba unaposogea, yaelekea kioo ni cha zamani. Kioo bapa kabisa kinachotengenezwa kwa kuelea juu ya bati iliyoyeyushwa kilitangazwa na kampuni ya Pilkington mwaka 1959, na miaka iliyofuata kikachukua nafasi ya vingine. Lakini madirisha ya mbele hubadilishwa mapema kuliko kitu chochote. Nenda katafute lile ambalo hakuna aliyejali kulibadilisha: dirisha la ngazi, la stoo, la uani. Ukiona fremu nyembamba za chuma, hasa dirisha linalozunguka kona ya nyumba bila nguzo pale kwenye kona, fikiria miaka ya 1920 na 1930.

Wanaotazama nyumba nyeupe zenye paa bapa wajihadhari. Villa Savoye, nyumba ya msanifu majengo Le Corbusier, iliyokamilika mwaka 1931 huko Poissy, nje ya Paris, iliwafanya wengi watake sura ya zege laini. Wajenzi wengi wakajenga kwa matofali kama kawaida, wakapiga lipu juu, wakapaka chokaa. Nyufa huwaumbua. Ufa unaopanda kwa vidato, kulia kidogo, juu kidogo, unafuata viungo vya matofali yaliyo chini ya lipu. Ufa mrefu ulionyooka, wima au mlalo, hufuata mpaka wa fremu na ukuta uliojaziwa, au kiungo cha mabamba ya zege.

Mabamba hayo ndiyo alama ya viunga vingi vilivyojengwa haraka baada ya Vita vya Pili. Uso wa jengo una mistari ya miraba, kila mraba una kimo cha ghorofa moja, mita 2.7 hadi 3, na dirisha limekaa ndani ya bamba, halikati kiungo. Hesabu miraba, umejua vipimo vya jengo zima bila futi kamba. Madoa ya kutu yakichuruzika kutoka kwenye kona za mabamba, sababu ni kemia: hewa ya kaboni huingia zegeni na kushusha pH (kipimo cha asidi na alkali) kutoka takriban 13 hadi chini ya 9, nondo zinapoteza kinga yake, zinashika kutu, kutu inavimba na kubandua zege lililo juu yake. Usisimame chini ya roshani ya namna hiyo.

Tatizo la siku hizi ni majengo yaliyovishwa povu la kuzuia baridi na joto kisha kupigwa lipu mpya. Jengo la 1965 linakuwa na uso wa juzi. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: zege na tofali hulia kavu, povu hulia tupu. Madirisha nayo yatakuwa yamezama ndani kuliko kawaida.

Pale ambapo mtaa mzima ulibuniwa kwa mara moja, acha kutazama nyumba mojamoja. Letchworth, mji wa bustani wa kwanza wa Uingereza, ulianza mwaka 1903, na huko mpango wa miti, nyua na nafasi kati ya nyumba una maana kuliko mapambo. Katika mtaa wa makazi wa Hufeisensiedlung, Berlin, uliojengwa kuanzia 1925 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, msanifu Bruno Taut alitumia rangi kama sehemu ya jengo: fremu za madirisha, milango na safu nzima za nyumba zina rangi zake zilizopangwa. Kitongoji cha Levittown, New York, kilichoanza 1947, kinataka jicho jingine kabisa. Nyumba zilitoka zikiwa karibu sawasawa, kwa hiyo kinachosomeka leo ni nyongeza: chumba cha darini, baraza iliyozibwa, gereji iliyogeuzwa sebule.

Kwa nini michoro mikubwa hivi iko kwenye maghorofa ya makazi ya pembezoni? Na inachorwaje bila uso wa mtu kupindika? (Mpenda rangi)

Sababu ya kwanza ni ya kihandisi. Katika maghorofa mengi ya mabamba, kuta zinazobeba uzito zinakatiza jengo kwa upana, na ya mwisho inabaki ubavuni ikiwa nzima, haina dirisha au ina machache. Hakuna aliyekusudia kuwapa wachoraji turubai ya ghorofa kumi, ilitokea tu. Zaspa, kitongoji cha Gdańsk kilichojengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani, kina michoro mingi kwenye mbavu za namna hiyo. Makazi ya Quinta do Mocho, Loures, karibu na Lisbon, na ya Tor Marancia, Roma, ambako maghorofa yalichorwa mwaka 2015, nayo yafaa kutembelewa na anayetaka kuona jengo na mchoro vikitazamwa kama kitu kimoja.

Kuhusu kupindika, njia ya kale ni miraba. Mchoro wa karatasi wa sentimita 20 kwa 30 ukipelekwa kwenye ukuta wa mita 10 kwa 15 ni uwiano wa 1 kwa 50, basi kila mraba wa sentimita 2 unakuwa mita moja ukutani. Tatizo la miraba ni kwamba yote inafanana, na mtu aliye juu ya kreni, pua ikiwa sentimita 50 kutoka ukutani, hupotea. Ndiyo maana wengi sasa huchora kwanza alama za ovyo ukuta mzima: herufi, mizunguko, nyota, hakuna inayofanana na jirani yake. Wanapiga picha ya ukuta kutoka mbele kabisa, wanauweka mchoro wao juu ya picha hiyo kwenye simu ukiwa nusu wazi, na kila mstari unapata mahali pake: jicho linaanzia kwenye mkia wa herufi fulani. Tafuta mabaki ya alama hizo kwenye kingo, chini ya rangi hafifu. Projekta nayo hutumika, ila inataka giza, umbali wa kutosha na kusimama mbele ya ukuta. Ikiwekwa chini na kuinuliwa, picha hupanuka juu.

Maeneo mapana hupakwa kwa rola na rangi ya akriliki ya nje. Lita moja hufunika mita mraba 5 hadi 8 kwa mkono mmoja kwenye ukuta wenye chembe, hivyo ukuta wa mita mraba 150 kwa mikono miwili unakula lita 40 hadi 60. Kopo la kupuliza la mililita 400 linatosha mita mraba 2 hivi au pungufu, kwa hiyo hutunzwa kwa ajili ya kingo, vivuli na mpito wa rangi. Ukikaribia utaona tofauti: rola huacha chembechembe kama ganda la chungwa, kopo huacha ukungu laini pembeni. Stensili, yaani umbo lililokatwa kwenye karatasi na kupuliziwa rangi, ina ukingo mkali kabisa, na mara nyingine ukungu kidogo umepenya chini ya karatasi. Humo ndani tafuta vidaraja vidogo vinavyoshikilia vipande vya katikati visidondoke.

Mtaani kwetu mchoro ulianza kubanduka kabla ya miaka miwili, sehemu ya chini tu. Rangi ilikuwa mbovu? (Mkazi)

Huenda rangi haina kosa. Chini ya ukuta kuna matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini, hasa sentimita 30 za mwanzo, na kuna unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, ambao unaweza kufika mita moja. Maji yanabeba chumvi. Yanapokauka nyuma ya rangi, chumvi inaganda na kuisukuma nje. Ukikuta unga mweupe nyuma ya kipande kilichobanduka, umepata jibu. Kupaka tena juu yake ni kutupa pesa mpaka unyevu ushughulikiwe.

Ikiwa ubandukaji umetawanyika ukuta mzima, uliza lipu ilikuwa na umri gani. Lipu mpya ya saruji ni kali kwa rangi na bado ina maji. Ipewe walau wiki 4. Varnishi ya kukinga grafiti isiyopitisha mvuke nayo hufunga unyevu ndani, na tunaona hutumika kupita kiasi. Na kama ni jengo lililovishwa povu, rangi nyeusi au buluu nzito hupasha lipu nyembamba moto mpaka ikapasuka.

Picha zangu za maghorofa zinaonekana kama jengo linaanguka kinyumenyume. (Mpiga picha wa simu)

Unainua simu. Ishike wima kabisa na urudi nyuma: kwa lenzi ya kawaida ya simu, jengo la mita 15 linataka umbali wa kama mita 20. Hakuna nafasi? Panda ngazi za jengo la mkabala kama ni za umma, au piga ukiacha nafasi tupu pembeni, asilimia 15 hivi kila upande, maana kunyoosha mistari baadaye hukata kingo. Lenzi pana ya 0.5 huzidisha tatizo ukiinua simu.

Michoro hutoka vizuri siku ya mawingu, bila vivuli vya miti wala mng'ao wa varnishi. Matofali na mapambo ya kuchonga yanataka kinyume chake, jua la pembeni linaloparaza ukuta.

Naweza kuziuza picha hizo? (Jina tunalo)

Inategemea uko nchi gani, na jengo na mchoro havihesabiwi sawa. Ujerumani inaruhusu picha za kazi zilizowekwa kwa kudumu mahali pa umma, hata za biashara, mradi umepigia njiani. Uingereza inaruhusu majengo na sanamu, lakini mchoro wa ukutani haumo. Ufaransa, kwa sheria ya 2016, inaruhusu watu binafsi kuonyesha majengo na sanamu pasipo biashara. Marekani jengo linaloonekana kutoka mahali pa umma liko huru, mchoro ulioko juu yake una hakimiliki yake.

Mwenye ukuta naye si lazima awe mwenye mchoro. Huko Queens, New York, michoro ya jengo la 5Pointz ilipakwa chokaa mwaka 2013, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75; rufaa ya 2020 haikubadili hukumu. Ukitaka kuuza, mtafute msanii kupitia saini yake, uombe kibali kwa maandishi.

Kiwanda kilichotelekezwa kina michoro mizuri ndani. Niingie?

Hapana. Sakafu iliyooza haionyeshi, asbesto haionekani, na ni mali ya mtu.

Nilirudi baada ya muda, ukuta umepakwa kijivu. Nitajuaje mchoro ulikuwapo lini? (Mkusanya kumbukumbu)

Fungua Google Street View kwenye kompyuta na utafute picha za miaka iliyopita za eneo hilo hilo. Huduma hiyo ya kurudi nyuma ilianza 2014. Pata picha ya mwisho isiyo na mchoro na ya kwanza yenye mchoro, tarehe iko katikati. Kuanzia sasa, kwa kila ukuta piga picha nne: nzima kutoka mbele, ya jengo pamoja na mtaa, ya saini, na ya karibu inayoonyesha rangi na lipu. Andika tarehe, na upande ambao ukuta unatazama. Hiyo ya pili, ya jengo na mtaa, ndiyo watu husahau, na bila hiyo picha nyingine tatu haziwezi kurudishwa mahali pake.