Alumini au faiba? Jibu kwa anayetafuta boti yake ya kwanza ya besi

Wadau wa uvuvi, kila baridi ikianza kuondoka hapa Texas swali ni lile lile, boti ya kuvulia besi, yule samaki wa maji baridi, iwe ya alumini au ya faiba (fiberglass), na safari hii limeletwa na kijana wa nyumbani anayeishi Fort Worth. Ameandika: "Kaka, shikamoo. Nimeona picha zako za Lake Fork. Na mimi nataka boti. Kuna ya faiba ya futi 21, injini ya nguvu farasi 250, wananipa mkopo wa miaka 15. Wengine wananiambia nianze na alumini. Wewe unasemaje?" Chini yake akaweka picha ya boti nyekundu inayometameta, na kwa nyuma linaonekana gari lake, Toyota Sienna.

Marahaba, mdogo wangu. Chukua alumini, futi 17 au 18.

Picha ulizoziona ni za mashindano ya klabu yetu ya mwezi wa tatu. Nilishika nafasi ya pili. Kati ya boti zote zilizoshushwa majini asubuhi ile, yangu peke yake ndiyo ilikuwa ya alumini, na nasema wazi kwamba nilijisikia vizuri sana, kwa sababu wapo watu wa klabu hiyo hiyo ambao msimu mzima walikuwa wakiiita sufuria. "Sufuria imefika," wanasema nikirudisha trela nyuma. Huyo wa sufuria alimaliza mbele yao.

Nikueleze ilivyokuwa, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Lake Fork ni bwawa la kutengenezwa, lilikamilika 1980, lina ekari zaidi ya 27,000. Sehemu kubwa ya msitu hawakuukata kabla ya maji kupanda, miti iliachwa imesimama. Mpaka leo unapita katikati ya magogo makavu, mengine yamechomoza juu ya maji, mengine yamejificha chini kidogo tu ya uso wa maji, na hayo ndiyo mabaya. Kuna njia zilizowekewa alama kwa ajili ya boti, lakini besi hakai njiani. Anakaa kwenye magogo. Rekodi ya besi mkubwa kuliko wote wa jimbo la Texas ilitoka Fork Januari 1992, paundi 18.18, na hadi leo haijavunjwa. Ukimtaka samaki wa aina hiyo lazima uingie msituni.

Asubuhi ile upepo ulikuwa wa kusini, mwanana. Nilizima injini kubwa nikashusha ile ndogo ya umeme pale omo, yaani mbele ya boti, nikaingia kwenye mkono mmoja wa bwawa ambao maji yake hayafiki futi nne. Boti yangu tupu ni kama paundi 1,000, kwa hiyo inaelea juu, inapita pembamba. Tumbo likigonga gogo linalia ngoo, boti inapanda kidogo, inateleza, inashuka, safari inaendelea. Jamaa mmoja mwenye faiba ya futi 20 alifika mpaka mdomo wa mkono ule, akasimama, akaangalia, akageuza. Simlaumu. Rangi ya juu ya faiba, ile ngumu inayong'aa, ikikwaruzwa na gogo inapasuka mistari myembamba, na ufa ukishuka mpaka kwenye nyuzi, maji yanaanza kunyonywa. Kuirekebisha kunataka fundi anayejua, na fundi anayejua anataka hela. Alumini ikibonyea imebonyea tu. Yangu ina mabonde matatu tumboni na haijawahi kuvuja tone.

Kule ndani, kwenye gogo lililoegemea jingine, nikatupa chambo bandia cha rangi nyeusi na buluu, kile cha mfano wa kamba wa maji baridi. Kikagonga mti, kikazama. Uzi ukaanza kwenda pembeni taratibu, bila mshtuko wowote. Wenye uzoefu mnajua: samaki ameshachukua. Fork wana sheria yao: besi wa kati ya inchi 16 na 24 anarudishwa majini pale pale, kwa hiyo klabu yetu inapima urefu, unamlaza samaki kwenye ubao wa kupimia, mdomo umefungwa na umegusa mwisho wa ubao, unapiga picha, unamwachia. Huyu alifika inchi 23 na kidogo. Mikono ilitetemeka mpaka picha ya kwanza ikatoka na ukungu, nikapiga nyingine. Kisha nikamshika chini ya tumbo mpaka akapiga mkia mwenyewe, akaondoka.

Kwa hiyo somo la kwanza ni maji. Utavua wapi? Ukiniambia Fork, au mabwawa madogo ya Texas mashariki, au mito, jibu ni alumini. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Ukiniambia Sam Rayburn, tuzungumze tena. Rayburn ina ekari zaidi ya 110,000, na upepo ukivuma kwa urefu wa bwawa mawimbi yanasimama. Huko nimepanda boti ya faiba ya rafiki yangu, ya futi 21, na nimepita maji hayo hayo na ya kwangu. Haki itendeke: faiba ni nzito, na tumbo lake limechongwa kwa pembe kali, kwa hiyo inalikata wimbi. Alumini nyepesi inalipiga wimbi, na wimbi linakupiga wewe. Unafika unakovulia mgongo unauma na nguo zimelowa. Hata ukishafika, upepo unaisukuma boti nyepesi pembeni, injini ndogo ya omo inahangaika kuishikilia, betri zinaisha mapema. Anayeshindana kila wikendi kwenye maji makubwa ana haki ya kutaka faiba. Wewe hujawahi hata kushusha trela.

Sasa gari. Hili nilitaka kulipitia haraka lakini nimeona mengi barabarani. Sienna yako inavuta paundi 3,500, basi. Boti ya faiba ya futi 21 ni paundi 2,000 na ushee tupu, injini ya 250 ni paundi 500 na zaidi, trela ya magurudumu manne inapita 1,000, ongeza mafuta, betri, nanga na makorokoro yako. Umepita 4,000 kabla mtu hajapanda. Kuvuta pengine gari litavuta. Kusimama je, kwenye barabara ya I-30 mbele yako wakifunga breki? Alumini ya futi 17 yenye injini ya nguvu farasi 60, pamoja na trela, inakaa kwenye paundi 2,000 na kidogo. Sienna inaiweza. Kwa hiyo mkopo wa boti ile nyekundu ni mkopo wa boti na mkopo wa gari la kuivuta, ila la pili hawakukutajia.

Hapa naomba niseme kama kaka mkubwa. Faiba mpya nyingi za ukubwa huo ni dola 80,000 na kuendelea. Alumini mpya, boti, injini na trela kwa pamoja, ni kati ya 20,000 na 30,000, na iliyotumika vizuri ni chini ya hapo. Miaka 15! Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa sekondari na wewe bado unalipia boti. Ina bima yake, ina mahali pa kuilaza, kwa sababu mitaa mingi ya huku hawaruhusu boti kukaa mbele ya nyumba, na injini ya 250 ukiikanyaga mpaka mwisho inakunywa galoni 20 na zaidi kwa saa. Kuna ada za shule nyumbani, kuna mama anasubiri dawa, na sisi tunashindana kumetameta gatini mbele ya watu ambao hata majina yetu hawajui. Mimi boti yangu nililipa taslimu. Hakuna mtu anayenipigia simu tarehe moja.

Na usidhani alumini ni boti ya maskini. Forrest L. Wood alianza kampuni ya boti ya Ranger mwaka 1968 pale Flippin, Arkansas, na ndiye aliyewafanya watu waione faiba kuwa ndiyo boti ya besi. Miaka 10 baadaye, 1978, Johnny Morris wa Bass Pro Shops, yale maduka ya vifaa vya uvuvi, akatoa Bass Tracker ya alumini, boti na injini na trela kwa bei moja, na mtu wa kipato cha kawaida akaweza kwenda ziwani. Leo chapa zote mbili ziko chini ya Morris huyo huyo, na Ranger yenyewe inatengeneza boti za alumini.

Kuna jambo linaloniuma bado. Kabla ya hii niliwahi kumiliki faiba nusu kwa nusu na rafiki yangu. Ilikuwa ya miaka ya 1990, tuliinunua kwa mtu binafsi, mzee mcheshi aliyetukaribisha chai ya barafu barazani kwake. Nje ilikuwa safi, tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti panapofungwa injini, imepakwa rangi mpya. Tukauliza kwa nini imepakwa upya, akasema alitaka tu ipendeze. Msimu wa kwanza ulipita salama. Msimu wa pili tukiwa tunafungua boliti za injini ili kuipandisha kidogo, boliti ya chini ikatoka na maji ya kahawia yanayonuka, na nyuma yake ukatoka ubao mweusi, laini, unaovunjika kwa ukucha. Boti nyingi za faiba za zamani zina mbao ndani ya tezi na ndani ya mihimili ya sakafu. Tundu moja la skrubu lisipozibwa vizuri, maji yanaingia na ubao unaoza kimya kimya miaka mingi, na injini yenye uzito wa watu wawili imening'inia hapo. Yule mzee alijua. Rangi ile ilipakwa kwa sababu alijua. Fundi alitutajia gharama iliyozidi bei tuliyonunulia. Mimi na rafiki yangu tulielewana, lakini urafiki haukurudi ulivyokuwa.

Ndiyo maana nasisitiza: gonga. Chukua nyundo ya plastiki, au hata mpini wa bisibisi, ugonge tezi yote kuanzia juu mpaka chini. Penye uzima panalia kwa sauti kavu, penye uozo sauti inazama. Halafu inua injini, mtu akandamize pezi la chini la injini kwa mguu, wewe uangalie tezi: ikicheza hata kidogo, rudini nyumbani. Watengenezaji wengi waliachana na mbao siku hizi, kwa hiyo faiba mpya nyingi hazina ugonjwa huu. Na usiende kichwa kichwa kwa alumini pia, kwani zipo zenye mbao ndani ya tezi na chini ya zulia. Kwenye alumini angalia zaidi ribiti, ile misumari inayounganisha mabati. Zilizofungwa kwa ribiti hulegea baada ya miaka ya kupigwa na mawimbi. Jaza maji kidogo ndani ikiwa juu ya trela, subiri, pita chini na tochi uone panapodondoka. Zilizochomelewa hazina ribiti za kulegea tumboni, ila bei yake iko juu, na mimi naona zinastahili.

Injini ni injini, boti iwe ya nini. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi, uache mafuta kidogo yadondoke kwenye kidole. Yakiwa meupe ya maziwa, maji yameingia. Pima mgandamizo wa kila silinda. Tairi za trela soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT, wiki na mwaka; tairi ya trela huzeeka ikiwa bado ina kashata nzuri, na hupasuka barabarani Julai.

Na ukikaa kwenye usukani, kamba ya kuzimia injini jifunge mwilini. Tangu Aprili 1, 2021 ni sheria ya nchi nzima kwa boti za chini ya futi 26 zinapokimbia. Boti ile nyekundu inafika maili 70 kwa saa. Mtu akirushwa nje kwa mwendo huo na injini inaendelea kuzunguka, boti hugeuka na kumrudia. Vijana wengi wanaiona kamba ile ya wazee. Ifunge.

Mwisho karatasi, na hapa Texas ndugu zetu wengi wanakwama. Boti ina hati yake ya umiliki na injini ya nje ina hati yake peke yake, zote kutoka Texas Parks and Wildlife. Trela inaandikishwa kwingine kabisa, ofisi ya kodi ya kaunti. Muuzaji akikupa hati ya boti tu na kusema ya injini ataituma, usitoe hela. Linganisha namba iliyo kwenye hati na ile iliyochorwa upande wa kulia wa tezi, herufi na tarakimu 12, mbili za mwisho zikiwa mwaka wa modeli. Namba ya injini ipo kwenye bamba dogo kwenye mabano yanayoishikilia kwenye tezi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, muulize muuzaji kabla ya kuulizwa wewe.